Mzee wa Vijiko Anatuachia Kliniki ya Wanaume

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee wa Vijiko anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi katika kliniki yetu ya wanaume. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu vyumba vyetu vimepakana. Walioniomba hawakujua kwamba nimemwonea wivu karibu miaka yote hiyo, na sasa naona bora mjue.

Mimi ndiye daktari, yeye muuguzi, lakini foleni ilikuwa mlangoni kwake. Wanaume wakifika mapokezi waliuliza kama Mzee yupo. Wakiambiwa daktari yuko tayari kuwaona, walisema hawana haraka. Hawana haraka, jamani! Watu wanaoamka mara tano usiku kwenda kukojoa!

Vifaa vyake vilikuwa bilauri, kijiko na kopo la sukari. Mgonjwa akianza kuzungukazunguka, mara mgongo, mara uchovu, Mzee alimtaka achote sukari yote anayotumia kwa siku: chai ya asubuhi, chai ya saa nne, juisi, soda. Soda moja tu ilikula vijiko kama tisa. Mwanamume akiiona bilauri ilivyojaa alicheka, na akishacheka alisema kilichomleta: kitandani mambo hayaendi, au mwaka wa nne huu mke hajashika mimba. Hapo Mzee alimweleza kwamba sukari nyingi huongeza unene na kukaribisha kisukari, kwamba kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu inayofanya kazi ile, na mbegu nazo huweza kudhoofika. Kisha alimwagiza arudi na mke wake, maana uzazi ni wa wawili. Mimi nilisema hayohayo kwa mchoro mzuri wa rangi. Walisinzia.

Mwaka juzi nikaona isiwe taabu. Nikabandika bango mlangoni kwangu, herufi nyekundu: SUKARI NDIYO INALETA SARATANI YA TEZI DUME. Wiki nzima watu walijaa kwangu, nami nikatembea kifua mbele. Mzee akaja, akafunga mlango, akanikumbusha kwa upole kwamba hilo halijathibitishwa. Watafiti bado wanalichunguza na hawajakubaliana, na kinachojulikana wazi zaidi ni umri na historia ya familia. Nilimwona ana kijicho. Yeye!

Kumbe kaka yangu mkubwa alilisoma bango lile. Akaacha sukari kabisa, akajihesabu yu salama, na japo mkojo ulitoka kwa shida, akakataa kupimwa. Baba yetu alikufa kwa saratani hiyohiyo. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamtuma shemeji. Akanijibu kwamba daktari ni mimi na maandishi ni yangu, sasa ninataka nini tena?

Mzee alikwenda nyumbani kwa kaka Jumapili tatu mfululizo, bila kutumwa na mtu. Baada ya ile ya tatu, kaka alikuja kliniki kutolewa damu ya kupima tezi dume, akapita mlangoni kwangu bila hata kubisha. Vipimo vilivyofuata vilikuta uvimbe wa saratani ungali ndani ya tezi, haujasambaa. Akafanyiwa upasuaji, na yu hai. Bango nililibandua kwa mikono yangu.

Baadaye shemeji aliniambia kwamba siku ya kwanza tu kaka alimwambia Mzee kuwa anaogopa kufa kama baba. Mimi mdogo wake, tumelala kitanda kimoja utotoni, hajawahi kuniambia kwamba anaogopa chochote. Hilo liliniuma kuliko wagonjwa wote walionipita, na linaniuma hadi sasa ninapoandika.

Mzee wa Vijiko, asante kwa kaka yangu. Sote hapa kliniki tunakuombea mapumziko yenye afya na raha tele pamoja na familia yako. Alhamisi asubuhi, kabla hujakabidhi funguo, nitakuja kwako unitoe damu. Baba aliugua, kaka ameugua, nami nina miaka hamsini na nane, sijawahi kupima. Sikutaka uwe wewe, na sasa simtaki mwingine.