Meno ya Tembo Kwenye Mzinga wa Sostenes

Kijiwe chetu hapa Rungwa ni benchi moja mbele ya duka la nafaka, na mimi ndiye ninayeuza kahawa pale tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Asubuhi ile hakuna aliyezungumzia mpira. Jana yake askari walikuta meno ya tembo ndani ya mzinga wa nyuki wenye alama ya Sostenes, mrina asali wa hapa kwetu, wakaondoka naye. Huku mtu hagusi mzinga wenye alama ya mwenzake, hata ukianguka. Kwa hiyo kwa askari kesi ilikuwa imekwisha: mzinga wako, meno yako.

Kijiweni tulijua sivyo. Kabla ya hapo walipita wanunuzi wa asali wenye gari jeupe, wakauliza ni mizinga ya nani iko mbali zaidi porini. Benchi zima liliwaona.

Kamanda, aliyekuwa mgambo zamani, alisema huo ni mtandao wa majangili. Unaanzia porini unafika ng'ambo, na pesa yake inanunua mpaka bunduki za magaidi. Dawa ni nchi kufunga mipaka yote mwezi mzima.

— Na alizeti yako utamuuzia nani? — aliuliza Miraji wa bodaboda, tunayemwita Satelaiti. Yeye alitaka droni juu ya kila mti.

— Wafundishwe nyuki, — alisema Kamanda. — Wakinusa meno ya tembo, wamuume mwenye nayo.

— Nyuki wana kazi zao. Wewe ndiye huna.

Tukacheka, mpaka Winfrida, mke wa Sostenes, aliposimama mbele yetu na mtoto mgongoni. Aliwaamkia wakubwa shikamoo. Hakukaa.

— Kituoni wanataka mtu aliyewaona wale wa gari jeupe. Nani anakuja nami?

Kamanda alitazama kikombe chake. Satelaiti alishika ufunguo wa pikipiki, akauachia. Sikuwahesabu kuwa waoga; wale wa gari jeupe wanazijua njia zetu zote.

— Shemeji, — Kamanda alisema taratibu, — tukishasema, nani atatulinda?

Nadhani nchi ingeanza na swali hilo, kabla ya mipaka na droni.

Winfrida akageuka kwenda zake. Lakini wale wageni niliwamiminia kahawa kwa mkono wangu, na sura zao ninazo kichwani. Nikafunika jiko.

— Mama, nisubiri, — nilimwita. — Nakuja nawe.

Nyuma yetu pikipiki ya Satelaiti ikawaka. Sikugeuka kuona inaelekea wapi.