Dirisha la Daktari Pazia

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuchunguza retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, mtafiti mkuu wa hospitali yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana jina refu lenye vyeo. Sisi wa maabara tunamwita Daktari Pazia, kwa sababu hajawahi kuingia chumba chochote akaacha pazia limefungwa, hata kama wenye chumba wamelala.

Alianza kazi na panya. Alitaka kujua saa ya mwili, ile inayotuamsha na kututia usingizi, inapataje habari kwamba kumekucha. Panya hawauoni vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo taa ya rangi hiyo ndiyo tuliyoiwasha katika chumba chao cha giza. Siku yake ya kwanza humo aliingia na kalamu nyekundu. Akaandika, asione kitu. Akaitikisa kalamu, akaandika tena palepale, akaishutumu idara ya ununuzi kwa kutuletea kalamu mbovu. Alipotoka nje alikuta karatasi imejaa wino, mstari juu ya mstari, hausomeki hata mmoja; kumbe chini ya taa nyekundu wino mwekundu hauonekani. Wageni wote wa chumba kile hufanya kosa hilo, lakini yeye ndiye pekee aliyelisimulia mwenyewe wakati wa chai.

Panya wale walimjibu swali lake. Hata waliopoteza seli za kuonea bado walijua mchana na usiku, kwa sababu ndani ya retina zimo seli nyingine chache ambazo kazi yake si kuona sura ya kitu, bali kupokea mwanga na kuipasha habari saa ya mwili. Watafiti wa kwingineko nao walikuwa wakiona hayohayo, na yeye hakuwahi kujidai kwamba ugunduzi ni wake peke yake.

Kisha jambo likamfika nyumbani. Mama yake, mshonaji, alikuwa amepofuka kwa ugonjwa wa retina, na ndugu kwa nia njema walimpa chumba cha ndani, wakiamini mwanga haungemsaidia kitu. Muda si mrefu mama akawa anasinzia mchana kutwa, na usiku yuko jikoni anapanga sufuria. Watu wakaanza kunong'ona kwamba akili zimemruka. Daktari Pazia aliogopa sana, wala hakutuficha. Akawa anamtoa mama kibarazani kila asubuhi, na kila asubuhi mama akalalamika kwamba mwanawe anamwanika kama shuka. Baada ya wiki kadhaa usingizi ulirudi mahali pake, na sufuria nazo zikapumzika.

Mtu mwingine angetangaza ushindi. Yeye alisema mama mmoja si ushahidi, akaenda kuwafuatilia wagonjwa wa wodi yetu ya vipofu, iliyokuwa upande wa nyuma, katika vyumba visivyo na dirisha la maana. Akaomba wahamishiwe upande wa mashariki, unaopata jua la asubuhi. Uongozi ukamuuliza vipofu na madirisha wapi na wapi, tena vyumba vya mashariki vimejaa. Ni kweli vilikuwa vimejaa, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa ofisi yake. Wiki ileile alibeba vitabu vyake mwenyewe hadi stoo ya vifaa isiyo na dirisha, na ofisini mwake vikaingia vitanda vinne.

Wa kwanza kulala pale alikuwa fundi baiskeli ambaye hakuwa amepata usingizi wa usiku kwa muda mrefu. Haukupita mwezi akawa anakoroma kiasi kwamba wenzake watatu waliomba ahamishwe. Si wote waliofaidika. Wale ambao macho yao yalikuwa yameharibika kabisa hawakupata nafuu, na Daktari Pazia aliliandika hilo kwa herufi zilezile alizoandikia mafanikio. Utafiti huo ndio uliofanya wodi nzima ihamishiwe mashariki, na madaktari wetu wa upasuaji wakaanza kufikiri mara mbili kabla ya kuondoa jicho eti kwa kuwa halioni.

Ofisi yake hakuidai tena. Amekaa stoo miaka kumi na minne, katikati ya maboksi ya glavu, mtu yuleyule aliyetufundisha thamani ya asubuhi. Ndiyo maana kila siku kabla ya kazi alituzungusha uwanjani, tupende tusipende, akisema anakunywa mwanga wa kumtosha hadi jioni. Tulinung'unika sana, na sasa tunajua tutaukumbuka mzunguko ule.

Kamati ya zawadi ilipendekeza saa ya ukutani, ikajicheka yenyewe, ikaachana nayo. Tumemnunulia viti viwili vya kibarazani. Kimoja ni cha mama yake, ambaye angali hai, angali analalamika, na analala usiku kucha.

Asante, Daktari, kwa dirisha ulilolitoa. Muuguzi wa zamu bado hufungua pazia lake kila kunapokucha. Kiti cha pili ni chako. Kaa, na wewe uanikwe. Tunakutakia asubuhi nyingi njema.