Sahani za Wageni Tulizozifuta

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Meneja wa kiwanda cha betri, wataalamu tunaowaaga leo, na ninyi majirani zangu wa nyuma ya ukuta wa kiwanda: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Kama mwenyekiti wa mtaa, nimepewa kazi ya kuwashukuru wataalamu. Nawashukuru, lakini uso wangu sijui niuweke wapi.

Mlitutegea sahani juu ya mapaa zipokee vumbi la bomba la moshi la kiwanda, na kila Ijumaa mkawa mnapanda kuchukua kilichotua. Daktari anayewaongoza alitueleza vizuri kwamba moshi hauhukumiwi kwa weusi wala wingi wake, maana kijiko cha vumbi la risasi, yale madini ya betri, humdhuru mtoto kuliko gunia la majivu. Sote tukaitikia kwa vichwa. Kisha tukafanya nini, jamani?

Jana Daktari alinisomea ripoti: mtaa wetu hauna sumu ya kutisha. Kwa ripoti hiyo hiyo, Meneja ataomba kibali cha bomba la pili. Leo asubuhi nikamkuta mama mkwe wangu, yule pale mbele, anapanda ngazi na kitambaa mkononi. Nikamuuliza, mama, wapi tena? Akasema, "Si nafuta vyombo vya wageni, mwanangu! Vikirudi na uchafu, huko kwao watatusemaje?"

Nikakimbilia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Kila paa, na kila Ijumaa kabla hamjapanda! "Mwenyekiti, si wewe uliyesema tusikuaibishe mbele ya wageni?"

Ni kweli, nilisema mimi. Mama, wewe huna kosa. Aibu hii ni yangu, na inaniuma. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja na dawa, mwenyeji kaimwaga, na wajukuu wangu wanakohoa chini ya paa linalong'aa.

Mheshimiwa Diwani, nakuomba ripoti hii usiipokee. Daktari, nakusihi, sahani zisiteremshwe. Mficha uchi hazai, nasi tumejificha hata kwa waliokuja kututibu. Tupimeni upya. Safari hii mtatukuta wachafu, na Meneja akipenda aje atuone.

Mama, nisamehe, ngazi nimeifungia stoo.

Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunivumilia.