Ufunguo wa Banda la Sungura

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, na wewe kifungua mimba wangu zima hiyo simu, maana leo mama yenu ana furaha ambayo kifua hiki kibovu hakiwezi kuibeba peke yake. Tumeshinda. Wakili amepiga asubuhi, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena polepole kama unawasomea watoto imla. Mahakama imesema miaka yangu yote ya ualimu wa mkataba ihesabiwe kuwa kazi moja, na mafao ya kustaafu nilipwe kama mwalimu mwingine yeyote.

Mnajua walivyotufanya. Shule ikifungwa mwisho wa mwaka mkataba unakufa, shule ikifunguliwa unazaliwa mwingine, na mimi nikazeeka nikiwa mwajiriwa mpya. Nilipostaafu nikaenda kuuliza kiinua mgongo changu, na yule bwana wa ofisi ya elimu, bila hata kunikaribisha kiti, akaniambia, "Mama, wewe ulikuwa kibarua wa mwaka mmoja mmoja." Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na hadi leo sijamsamehe, ingawa nikifika huko niendako nitajaribu.

Kumbe walisahau sungura. Wale sungura wa somo la baiolojia, nyuma ya maabara, hawajui kwamba mkataba umeisha. Wao wanataka majani. Likizo nzima nilikuwa naingia na ufunguo wangu wa banda, nawalisha, nafagia banda, nanyi mkinilalamikia kwamba nawapenda sungura kuliko nyinyi. Wakili wa ofisi akajigamba mahakamani kwamba wakati wa likizo sikuwa mtu wa shule. Hapo akasimama mzee mlinzi wa getini, akavua kofia, akasema, "Mheshimiwa, kama hakuwa mtu wa shule, basi mimi nilikuwa namfungulia mwizi geti kila asubuhi, na mwalimu mkuu anamsalimia." Watu walicheka, hata jaji. Kisha jaji akauliza kama kuna mwaka wowote nilioambiwa nirudishe ufunguo, na wakili wao akakiri kwamba hakuna.

Sasa nitegeeni sikio, hasa wewe kifungua mimba. Wakili anasema watakata rufaa, na nikishazikwa watakuja watu wao na bahasha, wamevaa vizuri, wana pole nyingi mdomoni, watasema pokeeni hiki kwa mkupuo, wekeni sahihi, tuifute kesi, kwani rufaa inachosha. Najua nyumba yako imekwama usawa wa madirisha, na mkono utakuwasha, mwanangu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kesi ina jina langu, lakini nyuma yake wamesimama walimu wenzangu wote wa mkataba, na mmoja wao ni huyu mdogo wako anayenishika mkono, anayefundisha darasa lilelile nililoliacha mimi. Mkiifuta kesi, mmewazika pamoja nami. Nawakataza. Hata waongeze pesa juu ya pesa, nawakataza.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiigawe kwa ukuta. Fundi cherehani ananidai gauni lile la mahakamani. Mlipeni kabla hamjanizika, maana siku ile nilipendeza kweli.

Nipeni maji kidogo. Hapo, yatosha.

Wewe kitinda mimba, inua huu mto. Umeuona ule ufunguo? Nilipostaafu hawakuuomba, nami sikuwakumbusha. Ni wako. Wakiutaka waje na barua, waeleze wanamdai mwalimu gani. Mungu awaweke pamoja, wanangu, awape afya, na riziki yenu isikatwe vipande vipande kama yangu. Nimewaridhia, wote wawili. Nimewaridhia.

Usilie, binti yangu. Mkataba wako... umeisha Ijumaa, si ndiyo? Na shule imefungwa. Basi kesho asubuhi, kabla ya watu kujaa hapa... nenda kawape majani. Na mlinzi... msalimie kwa sauti, akuone.