Koti Lililopungua Kifungo

Benchi lile lilichongwa kwa gogo lililowahi kushikilia paa la mgodi, na hata mgodi ulipofungwa gogo halikustaafu: sasa lilishikilia wanaume watatu, birika moja na maneno yasiyo na idadi. Mji wenyewe umening'inia ubavuni mwa mlima, nyumba juu ya nyumba, hivi kwamba mtu akimwaga maji ya vyombo huku juu, jirani wa chini humtajia ukoo wake mzima. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa haijamiminwa mara ya pili, na tayari hapakuwa na mtu anayemsikiliza mwenzake. Studio ya picha iliyo mkabala na kijiwe, iliyofungwa miaka na miaka, ilikuwa wazi. Warithi wa mpiga picha walikuwa wameiuza nyumba. Na kabla lori halijabeba vilivyomo, walileta boksi la picha za kale wakaliweka benchini. Agizo lao lilikuwa fupi: anayemtambua mtu wake amchukue, wasiotambuliwa watateremka na lori.

Hakuna aliyelikaribia boksi lile kwa moyo uliodunda kama Winchi. Jina hilo alilipatia mgodini, alikoshika wenzo wa winchi akiwashusha watu shimoni na kuwapandisha, hadi mvi zikamkuta kwenye kiti kile kile. Baba yake alishuka shimo hilo miezi kadhaa kabla yeye hajazaliwa, na mlima ukamfunika. Uso wake Winchi hakuujua. Alichorithi ni maneno ya marehemu mama yake, ambayo kila alipoulizwa aliyasema bila kuongeza wala kupunguza: baba yako ana koti jeusi, kola ya mahameli, kifungo cha tatu hakipo, ukiliona koti hilo kwenye picha ya studio, umemwona baba yako.

— Za wanawake wekeni kando, alisema Winchi. Leo tunatafuta mwanamume.

Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani, alizikusanya picha za wanawake, akazifunga kwa kitambaa chake cha kunyolea na kuzisukuma chini ya benchi. Kisha akachomoa picha ya kwanza iliyomjia mkononi, akaipeleka kwenye mwanga.

— Mzee, njoo. Koti jeusi. Kola inameremeta. Hesabu vifungo mwenyewe.

Winchi alihesabu kwa ukucha. Kimoja, viwili, pengo, kingine. Alikiweka kikombe pembeni bila kukitazama, na kahawa ikamtia madoa gotini. Mbele ya pazia lililochorwa bustani alisimama mwanamume mwenye sharubu na paji pana, akimtazama kana kwamba yeye Winchi amechelewa.

— Baba, alisema Winchi, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi.

— Pua ni yako, alisema Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kugundua anazimiwa wapi. Pua hiyo ningeijua hata ingeletwa peke yake.

— Na masikio, alisema Wembe. Mimi nayazunguka na mkasi kila mwezi. Ni yale yale.

Shangazi, muuza kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale na alikuwa shangazi wa wote, aliweka birika chini ili apate mkono wa kupongezea.

— Hongera, kaka. Wengine hupata wajukuu, wewe umepata baba.

Lakini mkono wa Redio ulikuwa umekwisha kurudi boksini.

— Ngojeni. Na huyu je?

Huyu alikuwa mfupi, mwembamba, hana hata unywele juu ya mdomo. Koti jeusi. Kola ya mahameli. Kimoja, viwili, pengo.

— Baba mdogo, alisema Wembe upesi. Kaazima koti la kaka yake.

— Na huyu mnene?

— Baba mkubwa huyo.

— Na huyu mwenye kipara? Na huyu kengeza? Na hawa hapa?

Wembe aliishiwa ndugu. Picha zilijaa benchi, zikapanda mapajani, na kila uso mgeni ulitokeza juu ya kola ile ile. Winchi alikuwa ameamka bila baba. Haikuwa hata saa nne, na tayari anao zaidi ya thelathini.

— Nimeshaelewa, alisema Redio, akisimama ili uelewa wake upate nafasi. Hawa walikuwa wakubwa wa mgodi, na walikuwa na chama chao cha siri. Kifungo kilikatwa makusudi. Walijuana kwa pengo.

— Wakubwa wenye kucha hizi? Wembe alimgeuzia picha. Tazama. Zimechimba kuliko sururu.

— Basi mpiga picha alipiga mwili mmoja tu, akawa anabadilisha vichwa.

— Mbona huyu tumbo limetangulia kufika, na huyu hana hata kivuli?

— Alibadilisha na matumbo. Wewe unadhani studio ilikuwa na kazi gani?

— Bwana, mimi nitasema, na mkinicheka leo msije kunyoa kwangu. Wembe alishusha sauti. Koti hili halikushonwa. Lilichimbwa. Walilikuta ndani ya jiwe, limekunjwa. Ndiyo maana miaka yote halichakai. Aliyelivaa, mgodi ulimtambua.

Redio alimtazama kwa wivu usiofichika.

— Hilo nilikuwa nakuja kulisema mimi.

— Ama, aliendelea Wembe, aliyelewa ushindi, ama hawa wote ni baba zako, mzee.

Winchi aliweka picha chini.

— Rudia, alisema Winchi.

— Nimesema ama.

— Mama yangu alikuwa na mume mmoja, Wembe. Ukiongeza wa pili, leo kwenye kile kiti nitakunyoa mimi, tena bila sabuni.

Shangazi ndiye aliyewaamua, kwa kuinama tu juu ya picha.

— Hebu acheni kutazama nyuso. Huyu mwembamba, mwoneni kwapani: nguo imevutwa, imebanwa nyuma kwa pini. Huyu mnene hakulifunga kabisa. Sasa shukeni chini. Viatu.

Walishuka. Chini ya koti la kibwana, kila mmoja alivaa viatu vya mgodini, vizito, vimelowa tope.

— Koti ni moja, ndugu zangu. Lilikuwa la studio. Lilining'inia msumarini. Mtu anatoka shimoni, ananawa mpaka shingoni, analivaa, anapigwa picha, analirudisha.

— Ndicho nilichosema, alisema Redio. Mwili mmoja, vichwa mbalimbali.

Kicheko kilichopasuka pale kiliteremka mtaa hadi mtaa. Madirisha yalifunguka. Muuza mkaa alikuja mbio, akamkuta babu yake ndani ya koti na kumbusu pale pale kwenye picha. Mwalimu wa shule alimpata mjomba aliyesimuliwa tu. Watu walipigana vikumbo, wakaitana, wakapokezana nyuso juu ya vichwa vya wenzao, na kwa muda mji mzima ulionekana kuwa na baba mmoja mtanashati mwenye mavazi ya heshima.

Winchi alicheka nao, kisha akaacha. Kila aliyetambuliwa alimpunguzia baba mmoja. Mwenye sharubu alichukuliwa na fundi bomba, pamoja na pua yake. Watu walipotawanyika, benchini zilisalia picha sita zisizo na mwenyewe, na hakuna hata moja iliyomwita.

— Chagua mmoja, mzee, alisema Redio kwa upole usio wake. Huyu ana sura ya huruma. Nani atakudai?

— Baba hachaguliwi kama nyanya.

Ndipo dereva wa lori alipovuka barabara. Alikuwa mgeni, ametoka bondeni usiku, na uso wake ulikuwa bado umejaa kona za mlima.

— Shikamooni, wazee wangu. Zilizobaki ndizo hizi?

— Marahaba. Chukua, alisema Winchi.

— Na lile furushi la chini?

— Za wanawake hizo. Hazihusiki.

Dereva alilifungua. Yeye peke yake pale hakuwa na mtu wa kumtafuta, kwa hiyo alimtazama kila mtu. Akafika kwenye moja, akakunja uso.

— Hili si ndilo koti mlilokuwa mkiligombea?

Winchi aliipokea. Mama aliyemjua alikuwa mgongo uliopinda na macho yenye ukungu. Huyu wa pichani alisimama wima, kijana, kidevu juu. Na kidevu hicho ndicho kilichowahi kumwamuru Winchi aoge, asome, aache kulia.

— Mama, alisema. Jamani, ni mama yangu.

Redio alipiga yowe lililomwaga vikombe. Wembe alimkumbatia Winchi, Shangazi akawakumbatia wote wawili na birika lake. Winchi aliendelea kutazama, kisha akaweka kidole mahali gauni lilipotuna.

— Na huyu ni mimi.

— Ulipendeza, alisema Wembe, akifuta macho kwa kitambaa kilichojaa nywele. Tangu hapo hujapendeza tena.

Dereva alicheka nao, huku kichwa kimeinama juu ya picha. Kando ya mwanamke kulikuwa na kiti, na koti lilikuwa limevishwa mgongo wa kiti hicho, kola imenyooshwa, vifungo vimefungwa hadi kwenye pengo. Mkono wa mwanamke haukuegemea kiti. Ulishika bega la koti.

— Na mwenye koti yuko wapi? aliuliza, kama mtu anayeulizia duka.

Redio alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza ikajulikana kwamba anazimika. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe. Likakohoa, lisitoe kitu. Gauni lilisema mimba ilikuwa imefika mwezi gani, na mwezi huo mlima ulikuwa umekwisha kumfunika mumewe.

Winchi aliiegemeza picha kwenye ukuta, juu ya benchi. Kisha akasogea, akamsukuma Wembe naye asogee, mpaka katikati yao pakawa na nafasi ya mtu mmoja kukaa.