Mwalimu Makokha na Tasnifu ya Miaka Tisa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1958, Mwalimu Naftaly Makokha anastaafu baada ya kufundisha Agano la Kale hapa chuoni kwetu Nakuru kwa miaka ishirini na saba. Wengi tulidhani siku hii haitafika. Si kwamba hazeeki, la hasha! Ni kwamba aliapa hatoki hapa kabla hajaituma tasnifu yake ya shahada, nayo ilikuwa imekwama tangu mwaka wa 1949.

Alikuja mwaka wa 1931, kijana mwembamba, mwana wa fundi wa reli, na mali yake ilikuwa baiskeli na sanduku la vitabu. Wembamba ulikwisha zamani, baiskeli ingalipo. Ndiye aliyewahi kuwapeleka wanafunzi Kariandusi, kwenye machimbo ya lile vumbi jeupe, ili waelewe maana ya Ayubu kuketi mavumbini. Walielewa kupita kiasi. Walirudi weupe kama waliolala kwenye gunia la unga, na mpishi wetu, Njoki, akawakataza kuingia chumba cha kulia mpaka waoge, mwalimu wao akiwa wa kwanza.

Lakini chuo kitamkumbuka zaidi kwa mtihani wa akina mama. Aliuanzisha yeye mwenyewe. Mwanafunzi anayesomea shahada kwa posta, kabla hajaituma tasnifu yake ng'ambo, sharti aieleze kwa Kiswahili mbele ya chama cha akina mama kanisani, Jumamosi alasiri. Wao huja na nyuzi zao za sufu za kufuma. Sindano zikitulia, umepita. Zikiendelea kwenda, ndugu yangu, karudie. Mimi Kipkemei ninayeandika haya, ambaye sasa nafundisha Kigiriki, niliandika juu ya Yona nikarudishwa mara mbili. Mwenyekiti wao, Mama Chepkemboi, alisema samaki nimemweleza vizuri sana, ila Mungu haonekani. Wasahihishaji wa ng'ambo hawakunitoa jasho hata nusu ya hilo.

Sasa, mwenye mtihani akawa ndiye anayeukwepa. Ukimwuliza, leo anangoja kamusi ya Kiebrania, kesho mashine ya taipu imeharibika, keshokutwa mvua. Mada yake ilikuwa Kitabu cha Ruthu. Habari za mavuno aliziandika hadi tukaogopa ngano ya Njoro itamwishia. Kila msimu alikuwa huko na baiskeli yake, akiwatazama wanawake wakiokota masazo. Mwaka huu wakubwa wa ng'ambo wakachoka. Wakasema tasnifu ifike kabla ya Krismasi, la sivyo jina lake linafutwa. Mzee akakosa pa kukimbilia.

Mwezi wa Septemba akasimama mbele ya akina mama. Kanisa lilijaa pomoni, maana nani angekosa sinema hiyo? Akaeleza mavuno, akaeleza sheria za ukoo, na sindano zikazidi kwenda mbio. Alipofika kwa Naomi, aliyezika mume na wana wawili ugenini, akasema huyo ni mfano wa uvumilivu, akapita upesi. Mama Chepkemboi akamwambia, pole Mwalimu, bado. Jamani, tulicheka mpaka tukashika mbavu!

Kisha mkewe, Mama Truphosa, akasimama, na kicheko kikatuishia. Alisema Naomi hakuvumilia. Alikasirika, akawaambia watu wamwite Mwenye Uchungu. Alisema yeye analijua jambo hilo, kwa sababu mwaka wa 1949 walimzika kijana wao wa pekee hapa Nakuru, na tangu siku hiyo mumewe hajalia wala kumtaja. Akamwomba amwache Naomi akasirike, halafu akaketi. Wengi wetu tulikuja chuoni baada ya mwaka huo. Hatukuwa tunajua.

Mwalimu alizichana kurasa za Naomi akaanza upya. Jumamosi iliyopita alisoma tena, polepole. Alikwama mara mbili, machozi yakamtoka mbele ya watu, na hakuyaficha. Akina mama walimpitisha bila swali hata moja. Jumatatu asubuhi tasnifu iliingia posta, na majibu tunayangoja pamoja naye.

Mwalimu, tunakushukuru kwa Kiebrania ulichotutia vichwani kwa nguvu, na kwa kutupeleka mbele ya akina mama kabla ya kutupeleka mbele ya maprofesa. Kule nyumbani kwenu Kimilili uwe na afya na mvua ya kutosha, na uyahurumie mahindi yako, usiyape mtihani.

Jumamosi ile, watu walipokuwa wakitoka, Mama Truphosa alikushika mkono akakuita kwa jina ambalo halikuwa limesikika hapa kwa miaka tisa, nawe ukaitika. Tunaomba ruhusa yenu tukuage kwa jina hilo hilo.

Nenda salama, Baba Wekesa.