Jina Lililoitwa Mara Tatu

Leo, tarehe 30 Septemba 1986, Citoyen (Mwananchi) Amadi Kasimu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kuwa apariteri, mhudumu wa mitihani na korido, wa chuo chetu. Ndiye aliyetunza orodha za mitihani, na siku za mitihani ya mdomo aliwaita wanafunzi kwenye korido kwa sauti ambayo, wasemavyo wanaotia chumvi, ilifika hadi soko la Kenya, komuni ya mji wetu huu.

Sheria ilikuwa moja. Jina huitwa mara tatu. Asiyeitika huandikwa hayupo, na hayupo ni sifuri. Julai 1974 Amadi aliita jina la mwanafunzi mmoja, Kalaba, mara tatu, akaandika hayupo. Jioni, alipokuja kufunga milango, alimkuta Kalaba amesimama palepale alipokuwa tangu asubuhi, mikono masikioni. Kijana huyu aliyajua mawe ya shaba kuliko sisi tunavyowajua watoto wetu, ila kelele na kuitwa ghafla vilimfunga mdomo. Wengine walisema ana kiburi, wengine amerogwa. Orodha ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri. Kalaba alibakiwa na kikao cha marudio cha Septemba tu; akikikosa, anafukuzwa.

Kosa hilo lilimuuma Amadi; mkewe, Mama Habiba, ni shahidi. Septemba alimpelekea Kalaba kikaratasi siku moja kabla: saa, mlango, jina la profesa, na mahali pa kungojea, yaani depo, stoo ya kuwekea chaki, penye utulivu. Profesa alinung'unika. Amadi alimjibu kwa heshima kwamba mtihani ni wa mawe, si wa masikio. Kalaba alipata kumi na saba juu ya ishirini.

Vikaratasi viliongezeka. Waliochanganya herufi aliwaombea wasomewe maswali. Wasioweza kutulia kitini aliwatuma chaki katikati ya somo. Wengi walihitimu. Wawili walifukuzwa, na majina yao anayataja mpaka leo. Ufunguo wa depo alitunyima miaka yote hiyo, nasi tulidhani anaficha sukari.

Amadi hapendi sherehe, na wiki nzima ametuambia kwamba leo ataumwa. Jana Kalaba, sasa msaidizi katika maabara yetu ya madini, alimletea kikaratasi: «Papa Amadi, kesho 10 h ya asubuhi. Ingia ku mulango ya kushoto. Bataita jina yako mara moja tu, polepole. Ukichoka, depo iko wazi. Niko pale.»

Amesema atakuja.

Asante, Papa Amadi. Tunakuombea afya na miaka mingi nyumbani, na kila atakayekuita akungoje uitike.